Wasifu wa Tamanda Nkhoma Sitati, Aliyesubiri Kibali Miaka Sita

Tamanda Nkhoma Sitati alizaliwa tarehe 22 Mei 1991 mjini Zomba, nchini Malawi. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu mwalimu Lameck Nkhoma na marehemu mama Estere. Baba yake alipofariki, Tamanda alikuwa na miaka kumi tu, na ndiye aliyemsaidia mama kumlea mdogo wake, Chikondi. Alikuwa mtoto wa kwenda bustanini kabla hata ya kunawa uso.

Alisoma Zomba hadi kidato cha nne, akapata ufadhili, na Septemba 2012 akafika Njoro, Kenya, kusomea shahada ya kilimo cha mboga na maua. Mama yake alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamwambia, "Miaka minne si mingi." Tamanda aliirudia kauli hiyo akicheka. Baadaye aliirudia bila kucheka.

Akiwa kwenye mafunzo ya kazi katika shamba moja la maua Naivasha, alikutana na ndugu yetu Micah Sitati, mchomeleaji wa mabomba ya mvuke kule Olkaria. Walifunga ndoa kanisani Naivasha tarehe 16 Desemba 2017, wakakodi nyumba Kihoto, karibu na Ziwa Naivasha. Binti yao, Nerima, alizaliwa tarehe 3 Julai 2019.

Machi 2018 waliomba kibali cha yeye kuishi nchini kama mke wa Mkenya. Waliambiwa wangoje miezi mitatu. Bila kibali hangeweza kuajiriwa, kwa hivyo shahada yake ilikaa kwenye bahasha. Alitembea na nakala ya stakabadhi ya maombi mkobani, imekunjwa hadi ikatoboka mikunjoni, na akimwona askari mbele alivuka barabara. Kila alipouliza, aliambiwa faili linashughulikiwa.

Oktoba 2020 waliitwa Nairobi kuhojiwa, kila mmoja chumba chake. Wakati huo ziwa lilikuwa limefurika, na maji yalikuwa yameingia hadi chumba chao cha kulala. Ofisa akamuuliza Tamanda, "Mume wako hulala upande gani wa kitanda?"

"Upande ulio mkavu," akajibu.

Micah, kule alikokuwa, alisema upande wa dirisha. Sisi nyumbani tulipohadithiwa tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Ofisini hawakucheka. Majibu hayakulingana, ndoa ikatiliwa shaka, na faili likarudishwa mwanzo. Tamanda alijilaumu kwa neno lile kwa muda mrefu, ingawa Micah hakuchoka kumwambia, "Ulisema ukweli, mama Nerima."

Maji yalipozidi walihamia Lanet. Tarehe 19 Agosti 2021 Chikondi alipiga simu: mama amefariki. Tamanda alifunga mkoba, akamwacha Nerima na baba yake, akaenda Namanga, mpakani mwa Tanzania, pamoja na wifi yake Zeddy, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Ofisa wa mpakani aliitazama pasipoti, akasema kwa upole, "Mama, kutoka naweza kukuruhusu. Kurudi sikuahidi."

Tamanda aliketi kwenye benchi karibu saa mbili nzima, uso ameuelekeza Tanzania. Zeddy akamwambia, "Ukienda tutamtunza mtoto." Mwishowe akasimama.

"Mama yangu hatajua kama nimekuja," alisema. "Mtoto atajua kama sikurudi."

Wakarudi Lanet. Mazishi aliyasikiliza kwenye simu, ameketi jikoni, na mtandao ukakatika kabla kaburi halijafukiwa.

Hatutadanganya hapa kwamba miaka hiyo ilimfundisha subira. Ilimchosha. Alikonda, akajitoa kwenye kwaya ya kanisa, akawa mtu wa kushtuka mlango ukibishwa. Siku moja wakianika nguo alimwambia Zeddy, "Nimeolewa na mtu ninayempenda, lakini naishi kama mtu aliyejificha."

Kibali kilitoka tarehe 14 Machi 2024. Hakupiga vigelegele. Alisoma jina lake mara mbili kuhakikisha limeandikwa sawa, kisha akaulizia basi la kwenda Zomba. Alikaa huko wiki tatu pamoja na Nerima, akapalilia kaburi la mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi aliajiriwa kwenye kitalu cha miche huko Bahati, kazi yake ya kwanza tangu ahitimu. Aliifanya miezi minane, na wenzake wanasema alikuwa akiimba.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa Nakuru, na kwa muda tukadhani amepona, hadi Julai maumivu yaliporudi. Chikondi alikuja mwezi wa nane, akaomba kwamba Mungu akimwita dada yake, ampeleke kwao akazikwe kando ya mama. Tamanda alimshika mkono.

"Usinisafirishe," akamwambia. "Utaanza kuzunguka na makaratasi yangu ofisi hadi ofisi, na mimi sitakuwepo kukuonyesha foleni. Nizikeni karibu na mtoto."

Aliaga dunia nyumbani Lanet asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025, Micah akimkanda miguu iliyokuwa imeanza kupoa.

Amewaacha mume wake Micah. Binti yao Nerima, mwenye miaka sita. Ndugu yake Chikondi, aliye nasi hapa leo. Wakwe zake mzee Khisa Sitati na mama Robai. Wifi yake Zeddy. Na wenzake wa kitalu waliotuletea miche ya kupanda hapa kaburini.

Tamanda apumzike kwa amani, hapa kwao.