Mpango wa Karibu Nawe

ODDNY: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

EIVIND: Dada, ni mimi. Eivind.

ODDNY: Eivind wa kwetu? Mbona namba siijui?

EIVIND: Yangu imeisha chaji. Nimeazima ya dereva wa lori. Hamjambo huko? Binti yangu hajambo?

ODDNY: Hatujambo. Ingunn yupo hapa kwangu, kaweka miguu juu, na tumbo hilo hata viatu vyake havioni. Haya, salamu zimetosha. Bodi yenu ya hospitali imeamuaje? Wodi yetu ya wazazi inabaki?

EIVIND: Unajua, dada, mambo ya bodi yana —

ODDNY: Inabaki, haibaki?

EIVIND: Inahamishwa. Mjini, ng'ambo ya mlima. Kuanzia Januari. Lakini si kufunga! Mpango wenyewe unaitwa Karibu Nawe —

ODDNY: Unaitwaje?

EIVIND: Karibu Nawe.

ODDNY: Ptuu! Wanaipeleka ng'ambo ya mlima halafu wanaiita Karibu Nawe? Na wewe unalitamka jina hilo, huoni hata haya?

EIVIND: Nisikilize basi. Mkunga atapatikana kwenye skrini, usiku na mchana, mtu uko nyumbani kwako —

ODDNY: Atamdaka mtoto kwa skrini?

EIVIND: Dada...

ODDNY: Mlikula nini?

EIVIND: Nini?

ODDNY: Kwenye kikao. Mliandaliwa nini?

EIVIND: Ah... mikate yenye kamba wa baharini juu. Na keki. Kwani vipi?

ODDNY: Nataka tu kujua kinywa kilichosema ndiyo kilikuwa kimejaa nini.

EIVIND: Nani kakwambia mimi nilisema — [mkwaruzo] — haloo?

ODDNY: Nakusikia. Imepita kwa tofauti ya kura ngapi?

EIVIND: Moja.

ODDNY: Moja. Ya nani, Eivind?

EIVIND: Upepo mkali huku, sikupati vizuri.

ODDNY: Unanipata sana! Jumapili ulikaa mezani pangu, ukamaliza jibini langu la kahawia, ukaniapia kwamba hiyo wodi haing'oki. Mbele ya mwanao!

EIVIND: Ingunn hatapata shida! Nimeshamchukulia chumba mjini, mkabala na hospitali, tangu Oktoba —

ODDNY: Tangu lini?

EIVIND: Oktoba... yaani —

ODDNY: Oktoba. Kikao kimekaa leo. Kumbe Jumapili ulikuwa unaniapia huku umeshajua! Na mke wa jirani yetu Torgeir, naye mjamzito, umemchukulia chumba? Unanitia kinyaa, Eivind. Mdogo wangu wa tumbo moja, na nasikia kichefuchefu kuisikia sauti yako.

EIVIND: Tutazungumza nikifika.

ODDNY: Ufike saa ngapi? Uko wapi?

EIVIND: Kwenye kizuizi cha barabara. Mlima umefungwa, theluji. Tunangoja greda la kuondoa theluji litutangulie, tupande kwa msafara.

ODDNY: [anacheka] Ee Mungu wangu! Mlima huohuo?

INGUNN: Nipe simu, shangazi. Baba?

EIVIND: Ingunn! Kumbe unasikia, mwanangu?

INGUNN: Shangazi kafungulia sauti, nimesikia yote. Uko hapo tangu saa ngapi?

EIVIND: Tangu... saa nane.

INGUNN: Sasa hivi saa kumi na mbili. Mama aliponizaa mimi, ilichukua muda gani?

EIVIND: Ingunn, hilo ni jambo jing—

INGUNN: Kila siku yangu ya kuzaliwa unawasimulia wageni. Sema.

EIVIND: Hata kahawa yangu haikupoa.

INGUNN: Na kahawa uliyonayo hapo?

EIVIND: [mkwaruzo] Imepoa, mwanangu.

INGUNN: Hicho chumba kalale mwenyewe, baba. Shika simu yako, shangazi.

EIVIND: Mwanangu, ngoja! Haloo? Dada? Greda limekuja, mwenye simu anaitaka. Tafadhali, mwambie — naja, naja bwana! — mwambie kwamba baba yake...

ODDNY: Mwambie mwenyewe. Kwa skrini.

[Simu inakatwa.]