Makabati Yaliyozunguka Tangi: Miaka Thelathini na Miwili ya Mzee Othmar Kapinga

Leo, tarehe 31 Desemba 2003, Mzee Othmar Kapinga anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya useremala hapa Mbinga kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Aliajiriwa Agosti 1971 akiwa fundi msaidizi na anaondoka akiwa fundi mkuu. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili ni kwa sababu ya penseli, aliyokuwa akiitafuta nyumba nzima wakati iko sikioni mwake.

Kazi za mikono yake zimetapakaa wilaya nzima. Kuna madawati ya shule kule Tingi, milango ya kanisa, fremu za madirisha na meza za kuchambulia kahawa ambazo mpaka leo hazijalegea mguu. Kusifu hajui. Akiridhika sana na kazi ya mtu husema "inafaa" na kuondoka, na mafundi wengi walioipata "inafaa" yake moja wametembea nayo mwaka mzima.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa haki usipoeleza habari ya makabati ya jikoni ya mwaka 1995.

Mwaka huo karakana ilikuwa imetoka mikononi mwa shirika la umma na kuingia kwa wamiliki wapya. Soko lilikuwa huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipishana barabarani na malori yao, na madukani yaliingia makabati ya chipibodi kutoka ng'ambo, yanang'aa kama sahani. Sisi tuliambiwa tujitafutie kazi wenyewe, na kwamba orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa tayari inaandikwa. Hapo ndipo masista wenye nyumba ya kina mama wanaosubiri kujifungua, kule ziwani kusini ya Liuli, walipotaka makabati mapya ya jikoni.

Jikoni mle, kwenye kona, lilisimama tangi la shaba la maji ya moto, refu kuliko mtu, linalopashwa na jiko la kuni kwa mabomba mawili. Fundi mwingine aliyetangulia kuitwa alitaka tangi ling'olewe ili makabati yake ya dukani yakae sawa ukutani. Sista Emiliana, mkuu wa jiko, alimpa chai na kumsindikiza mpaka getini. Maji ya kuogea ya kina mama wote yalitoka kwenye tangi lile.

Mzee Othmar alikubali tangi libaki. Alikata karatasi ya mfuko wa saruji kufuata mviringo wake, akaacha nafasi ya vidole vinne ili joto lipumue, akachora mlango wa mbele unaoshikwa kwa vijiti viwili bila skrubu, ili fundi bomba aweze kuutoa asivunje kitu. Kisha akafanya kama tulivyozoea kufanya watu wote wa huku milimani: akarudi na vipimo Mbinga, akatengeneza kila kitu hapa karakana katika ukungu wa mwezi wa Mei, akapakia kwenye lori na kuteremka nayo. Makabati yaliingia mahali pake bila hata kupigwa randa. Tulijipongeza sana.

Baada ya wiki tatu ulikuja ujumbe kwa redio ya upepo. Milango iliyo jirani na tangi ilikuwa imepinda, ubao mmoja umepasuka kutoka juu hadi chini, na droo mbili zilifunguka zenyewe.

Meneja mpya aliitisha kikao. Swali lake lilikuwa moja: nani alitoa mbao mbichi stoo? Mtunza stoo wakati huo, kama leo, ndiye anayeandika maneno haya. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na jina lake, kama alivyokuja kujua baadaye, lilikuwa tayari kwenye ile orodha kwa penseli. Mzee Othmar hakuwa ameulizwa chochote. Angenyamaza, jambo lingeishia stoo na yeye angebaki na cheo chake.

Akasimama. Alisema mbao zilikuwa kavu, alizigonga na kuzipima mwenyewe siku alipozipokea. "Zilikuwa kavu kwa Mbinga," alisema, "nami nikazipeleka zikaishi ziwani, ubavuni mwa tangi la moto. Kosa ni langu, si la Mama Winifrida wa stoo." Kisha akakaa na kuanza kutafuta penseli yake.

Alivuliwa ufundi mkuu kwa miezi kumi na minne. Aliwekwa chini ya Vitalis, ambaye Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika msumeno, na hakuna siku aliyonung'unika, ingawa Vitalis anasema alikonda kwa aibu ya kumpa kazi mwalimu wake. Jina la mtunza stoo lilifutwa. Amesomesha watoto wote watatu kwa kazi hii, na hajawahi kupata mahali pa kumshukuru Mzee vizuri mpaka ukurasa huu.

Mzee aliomba jambo moja tu: ateremke tena ziwani na mbao ambazo hazijakatwa. Alizipanga jikoni, karibu na tangi, akaweka vijiti kati yake, akakaa wiki tano bila kugusa msumeno. Alikarabati viti vya masista. Alijifunza kula dagaa, yeye mtu wa maharage tangu kuzaliwa, na sasa hakuna anayeteremka ziwani asiyeagizwa. Sista Emiliana alimuuliza kila asubuhi kama mbao zake ziko kwenye mafungo ya kiroho, na kama zimeshaungama. Wiki ya sita zilipoacha kusinyaa, alizikata na kuzifunga pale pale. Makabati hayo bado yapo. Mwaka 1999 tangi lilipovuja, fundi bomba aliutoa mlango wa mbele, akaziba na kuurudisha kabla chakula cha mchana hakijaiva.

Tangu hapo karakana yetu ina utaratibu ambao wageni huucheka: mbao hutangulia, fundi hufuata. Hazikatwi mpaka zimekaa mafungo katika nyumba zitakamoishi. Wateja wengine huchoka kungoja na kwenda dukani. Wengi wao hurudi.

Mzee Othmar, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako juu ya randa butu, na kwa kusimama siku ambayo ulikuwa na kila sababu ya kukaa. Tunakuombea miaka mingi ya afya na Mama Kunigunda kule Maguu, kahawa ikubali, na wajukuu wakuache ulale mchana.

Ulitazamia leo kukabidhiwa zawadi, nawe umeona meza iko tupu. Zile mbao sita za mninga zilizolala jikoni kwako kando ya jiko tangu mwanzoni mwa Novemba, ambazo Mama Kunigunda alikuambia ni za kaka yake, si za kaka yake. Ni kabati lako. Mtunza stoo alizichagua mwenyewe, moja moja, na amemsumbua mkeo kila Jumapili baada ya misa kuuliza zinaendeleaje. Jumatatu tarehe 12 Januari tutakuja sote na vifaa. Tafadhali uzigonge kwanza wewe, utuambie kama zinafaa.