Orrin Takala na Miti Mia Mbili na Sita ya Kilima cha Sexton

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bwana Orrin Takala anakabidhi funguo za gari la kazi baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano katika Idara ya Bustani ya Kaunti ya Ashmere. Tangazo lililobandikwa karibu na birika la kahawa linasema anastaafu "kwa hiari yake na kwa furaha". Mimi nimekaa meza ya mbele ya idara hii miaka kumi na tisa, na kwa kuwa wenzangu wameniomba niandike wasifu huu, nitaanza kwa kusahihisha tangazo. Bwana Takala alikuwa amepanga kufanya kazi miaka miwili zaidi. Sote tunajua kilichomtoa, na leo kitaandikwa.

Aliajiriwa Mei 1991, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, kukata nyasi na kumwaga mapipa ya taka. Mkuu wake wa kwanza alimpa eneo ambalo hakuna mwingine aliyelitaka: Kilima cha Sexton, ekari sitini za msitu ambamo watu wa mji huu, wakiwemo wazazi wangu, walikuwa wakitupa majokofu yaliyoharibika. Orrin aliyatoa majokofu thelathini na saba. Mwaka 1996 akaingia ofisini na wazo la gofu ya visahani. Wakati ule wengi wetu tulikuwa hatujauona mchezo wenyewe: mtu anasimama kwenye kibao cha saruji, anarusha kisahani cha plastiki katikati ya miti, anakifuata, anarusha tena, mpaka kitue kwenye kikapu cha minyororo. Kila kikapu tunakiita shimo, ingawa hakuna shimo lolote.

Majira yote ya baridi alikipanda kile kilima akipima njia za kurushia. Alama zake zilikuwa sahani za karatasi alizozifunga kwa kamba, kwa sababu hakutaka kuipigilia miti misumari. Mashimo kumi na manane yalipokamilika, alikuwa amekata miti hai kumi na mmoja tu. Wachezaji walianza kuja kutoka kaunti za mbali, na wanaojua wanasema hakuna uwanja wa msituni unaoshinda ule katika sehemu hii ya jimbo.

Yeye mwenyewe ni mchezaji mbovu kupita kiasi. Kwenye mashindano ya wafanyakazi ameshika mkia mara kumi na nne, na mwaka mmoja alishindwa na mhasibu aliyecheza huku mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa plasta. Kuna pia kisa cha mwaloni wa shimo la saba, uliosimama katikati ya njia na kukataa visahani vya kila mtu. Curtis Vroman, bingwa wa klabu, aliandika barua tatu akiomba ukatwe. Orrin alijibu ile ya tatu kwa sentensi mbili: "Mti hauwezi kusogea. Wewe unaweza." Vroman aliiwekea barua hiyo fremu, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Sasa nije kwenye mwezi Machi.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na kila tone liliganda palepale lilipogusa. Kijiti chembamba kama penseli kilivishwa barafu nene kama kifundo cha mkono. Kisha misitu ikaanza kuvunjika, na ukisimama mlangoni ulisikia milio kama ya bunduki kutoka kila upande. Umeme ulikatika siku kumi na moja. Orrin hakwenda kilimani kwanza. Siku tisa alikuwa barabarani na msumeno wake, akifungua njia ili magari ya wagonjwa na mafundi wa umeme wapite, na alilala kwenye karakana yetu juu ya magunia ya chumvi.

Alipofika Kilima cha Sexton, njia za mashimo kumi na matano hazikupitika kabisa. Miti myeupe ile ya magome yanayobanduka kama karatasi ilikuwa imeinama mpaka vichwa vikagusa theluji. Hakulia wala hakutoa hotuba. Alichukua daftari na makopo matatu ya rangi, akakagua mti mmoja mmoja kwa siku kumi na mbili. Nyekundu maana yake ukatwe, njano upunguzwe matawi, bluu uachwe. Alituambia ofisini kwamba mti uliopoteza theluthi ya matawi yake unapona, kwamba ulioinama hunyooka ukipewa muda, na kwamba uliopasuka shina ndio wa kuagwa. Kila mti aliupaka rangi mara mbili, usawa wa kifua na chini kabisa, pale panapobaki kisiki mti ukikatwa, kama alivyofundishwa na baba yake aliyekuwa mkata magogo. Miti elfu moja mia moja na arobaini. Zaidi ya nusu yake ilikuwa ya bluu.

Daftari hilo liliwekwa juu ya meza ya Mkurugenzi wetu, Bwana Trent Maddigan. Mimi ndiye niliyeliweka. Lilikaa hapo wiki mbili na kikombe cha kahawa juu yake.

Bwana Maddigan alikuwa amefika kilimani mara moja tu tangu dhoruba, akaishia kwenye maegesho kwa sababu ya viatu vyake. Hata hivyo aliandika ripoti kwamba msitu wote umepotea, akatia saini mkataba na kampuni ya mbao kutoka nje ya kaunti ije "kusafisha miti iliyoharibiwa na dhoruba". Tarehe 14 Mei mashine ziliingia. Walianzia shimo la kumi, wakaruka vichwa vya miti vilivyovunjika vilivyokuwa vikining'inia juu ya njia za watu, wakaifuata mialoni iliyonyooka.

Orrin aliikuta mashine ya kwanza kwenye shimo la kumi na mbili. Aliyeiendesha anaitwa Dewey Rusk, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Orrin alisimama mbele ya mwaloni, akampungia mkono.

"Zima kidogo, kaka. Huu una rangi ya bluu. Bluu ni wa kuacha."

"Mimi sijaambiwa habari za rangi, mzee. Nimeambiwa kuanzia utepe ule mpaka utepe ule, kila mti wenye unene."

"Na ule pale uliokatika kichwa, unaotaka kumwangukia mtu?"

"Ule haupasuliwi mbao," alisema Rusk.

Nawaomba muisome tena sentensi hiyo, kwa kuwa mkataba mzima umo ndani yake. Rusk alisema hata yeye aliposikia maneno yake mwenyewe alijisikia vibaya. Alizima mashine, akashuka, akauzunguka mwaloni akiutafutia kasoro, asiipate. Siku hiyo hakukata tena. Kesho yake alipelekwa kazi nyingine, akaletwa dereva asiyeuliza.

Orrin naye akaletewa barua. Ilimwonya kwa kuingilia kazi ya mkandarasi, ikampiga marufuku kukanyaga kilimani saa za kazi, ikamhamishia kwenye kambi ya mahema kusafisha vyoo. Barua hiyo niliipiga chapa mimi, Wendeline Plachta. Nilirekebisha hata makosa ya tahajia ya Mkurugenzi ili isomeke vizuri. Nikampelekea mkononi. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kama nimeshakula mchana. Kwa miezi mitano nimekuwa nikitafuta mahali pa kuomba radhi kwa barua ile, na nimeamua pawe hapa, mbele yenu wote.

Mashine ziliendelea siku nane. Miti mia mbili na sita ya bluu ilianguka.

Jumanne ya kwanza ya Juni, saa moja jioni, madiwani saba wa kaunti walikaa kusikiliza malalamiko ya wachezaji. Bwana Maddigan alisimama akasema, nami nilikuwa naandika kumbukumbu, kwa hiyo ninayo kama alivyoyatamka: "Hakuna mti mzima hata mmoja uliokatwa. Nawathibitishia hilo."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Curtis Vroman akisukuma toroli, na Orrin nyuma yake katika shati la Jumapili. Jumapili iliyotangulia, katika muda wao wenyewe, walikuwa wamepita kwenye visiki wakikata vipande vyembamba vya mviringo. Vilikuwa arobaini na kimoja. Orrin aliweka kimoja mbele ya kila diwani. Kwenye gome la kila kipande rangi ya bluu ilikuwa bado inang'aa.

"Hii niliipaka Aprili," alisema. "Tafuteni ufa."

Diwani mmoja mama alivaa miwani, akageuza kipande chake mara tatu, akapitisha kidole kwenye duara zote hadi katikati. Mwishowe akakilaza mezani na kumtazama Mkurugenzi. Mkataba ulisimamishwa kwa kura nne dhidi ya tatu. Wale watatu walisema miti itaota tena. Mialoni ile ilikuwa na miaka mia moja na themanini.

Kwa hiyo mashimo tisa ya mwanzo yamepona. Wachezaji walijitolea kiangazi chote, wakakata miti ya nyekundu tu na kupunguza ya njano, wakafungua uwanja tarehe 6 Septemba. Ile miti iliyoinama, zaidi ya nusu imeshanyanyuka. Mashimo tisa ya mwisho yamebaki jua kali na visiki, vikapu vimesimama peke yao kama nguzo za kuanikia nguo. Hakuna aliyeadhibiwa. Barua ya onyo ingali kwenye faili la Orrin. Agosti akaambiwa nafasi yake ya kusimamia msitu imefutwa, na akitaka kubaki basi abaki na vyoo. Wiki hiyohiyo akajaza fomu ya kustaafu. Hiyo ndiyo hiari inayotajwa pale kwenye birika.

Nilipomwambia naandika wasifu wake, alinishika bega. "Wendeline, weka tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Inatosha." Haitoshi, Bwana Takala, na hii ni mara ya kwanza nakukatalia kitu. Ratiba hii ya sherehe ya kukuaga, yenye wasifu huu ndani, imechapwa na chama cha wafanyakazi na haikupitia meza ya mtu yeyote. Bwana Maddigan atakapokukabidhi cheti, ataisoma pamoja na wageni wengine, kati ya samaki wa kukaanga na pai ya cheri.

Asante kwa majokofu thelathini na saba, kwa zile siku tisa za kulala juu ya magunia ya chumvi, na kwa kupaka rangi mahali ambapo mwongo hakufikiria kutazama. Tunakuombea magoti yasiyouma, uzee mrefu pamoja na mkeo, na visahani vingi vibovu kama kawaida yako. Kesho Jumamosi saa tatu asubuhi watumishi kumi na wanane wa idara hii, bila kuomba ruhusa ya mtu, tutakuwa shimo la kumi kushusha vile vichwa vilivyoachwa vikining'inia. Tumekuwekea kiti. Msumeno uache nyumbani.