Sanduku la Fundi Akiba na Mizani ya Stoo

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi alasiri, ufunguo wa karakana yetu utahama mfuko kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Siku hiyo Fundi Akiba, fundi mkuu wa magari ya kikosi chetu cha chanjo, anastaafu akiwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi. Ameahidi kuukabidhi bila shida yoyote, ingawa wanaomjua wanasema mfuko wa pili wa suruali yake una ufunguo mwingine, iwapo huo wa kwanza utapotea.

Alikuja kwetu kuosha magari, kijana mwembamba kama spana namba nane. Mkewe anasema siku hizi amefika namba thelathini na mbili, nasi hatuna sababu ya kumpinga. Safari yake ya kwanza alichukuliwa kwa sababu moja tu, mikono ya kusukuma. Hosi ya rejeta ikapasuka mahali ambapo hapakuwa na hata mbuzi wa kuulizwa njia, na kikosi kizima kikakaa siku mbili kikingoja gari lingine. Kijana aliporudi hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda stoo, akaomba hosi mbili, akazifunga kwenye gunia na kuliweka nyuma ya kiti cha dereva.

Gunia hilo ndilo lililozaa sanduku. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao nene, likiwa na mkono wa chuma kila upande, na akalitungia sheria moja: hakuna kifaa kinachoingia humo mpaka kiwe kimetutesa angalau mara moja. Ndiyo maana kila spea imefungwa kwa kipande cha gauni kuukuu la maua la mkewe na ina kikaratasi kinachotaja siku ya mateso yenyewe. Mkanda wa feni umeandikwa “Siku tuliyosukuma mpaka ndala zikakatika.” Fyuzi zimeandikwa “Siku ya nyuki,” na waliokuwepo hawataki kuulizwa. Mkewe, kwa miaka mingi, alidhani nyumba yao ina panya wanaopenda maua.

Humo sandukuni kuna pia kipande cha mche wa sabuni ya kufulia. Jiwe lilitoboa tangi la dizeli siku moja, dereva akashika kichwa, na Fundi Akiba akalala chini ya gari akiisugua sabuni kwenye tundu mpaka dizeli ikaacha kutoka. Tulifika, tukachanja, tukarudi. Aliporudi alioga kwa maji matupu, maana sabuni ilikuwa ile ile.

Muuguzi mkuu wetu, ambaye sote humwita Dada Mkubwa, naye ana dai lake. Bomba la dizeli lilipokatika mlimani, Fundi aliomba mpira mmoja wa dripu, akaunganisha, gari likawaka. Tangu hapo, kila mwaka wakati wa kuhesabu vifaa, Dada Mkubwa humwuliza uko wapi mpira wake, na kila mwaka Fundi humjibu kwa adabu kwamba mgonjwa bado anautumia na anaendelea vizuri.

Ningeweza kujaza kurasa kwa visa kama hivi, na ukweli ni kwamba ningependa kufanya hivyo, maana kuna kisa kimoja ambacho kalamu yangu inakikwepa tangu mwanzo. Lakini mtu anayemuaga mwenzake kwa maneno matamu huku akificha deni la moyo anajidanganya. Basi nikiseme.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa karani mpya wa safari, mwenye shati lililonyooshwa na majibu ya kila swali. Tulikuwa tumepokea magari mapya. Nikaona sanduku lile la zamani, nikaliona la aibu. Nikaburuta mizani ya stoo mpaka karakana, nikapima vilivyomo, nikapata kilo themanini na saba. Nikaandika waraka kwamba vifaa vya sanduku visizidi kilo arobaini, kisha nikavipunguza kwa mikono yangu, kizito kwanza. Sikusoma kikaratasi hata kimoja. Miongoni mwa nilivyoviacha kwenye rafu kulikuwa na bolti ndefu iliyofungwa kwa kitambaa chekundu chenye maua.

Fundi Akiba alisimama pembeni akinitazama. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, iwapo sanduku lenyewe nalo nitalipima. Nikamjibu kwamba napima vilivyomo, sanduku tupu halinihusu. Akacheka kidogo, akaenda kunywa chai. Nilidhani nimemshinda.

Safari iliyofuata nilijipeleka mwenyewe, ili nione jinsi gari linavyokimbia likiwa jepesi. Siku ya tatu, tukivuka mto mkavu wenye mawe, tulisikia mlio chini kama wa mtu anayevunja kuni. Ilikuwa bolti ya katikati ya springi, ile inayobana majani yote pamoja na kuushika mhimili wa gurudumu mahali pake. Ilikuwa imekatika. Dereva alijaribu kusogea mbele, gari likaenda upande kama kaa. Nyuma tulikuwa na makasha ya chanjo ya watoto mia sita, barafu yake ingedumu mpaka adhuhuri ya kesho yake, na katika vijiji vitatu ng’ambo ya mto akina mama walikuwa wameshaambiwa waje. Chanjo ikiharibika, nyingine ingekuja baada ya miezi mitatu. Mwaka ule surua ilikuwa imekwisha kupita vijiji vya jirani.

Fundi Akiba alifungua sanduku, akapekua mara moja, akalifunga. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na bolti iliyo kwenye rafu ya stoo haifungi springi. Nilijua ni ile ya kitambaa chekundu kabla hajasema lolote. Nilikaa juu ya jiwe, na sioni haya kuandika kwamba nilitokwa na machozi. Dada Mkubwa alidhani ni vumbi, akanipa kitambaa.

Ndipo nikamwona Fundi amechukua spana na kuanza kuling’oa sanduku mkono wake. Ule mkono wa chuma, kumbe, alikuwa ameufunga tangu siku ya kwanza kwa bolti mbili za springi, zile zile, zikiwa zimepita kwenye mbao nene na nati zake kwa ndani. Sanduku lenyewe lilikuwa spea. Nilipima kila kitu siku ile isipokuwa kitu alichoniuliza.

Akanivuta chini ya gari pamoja naye. Tulipiga jeki, tukalegeza, tukapanga majani ya springi moja moja, tukasukuma mhimili mpaka ukarudi, tukakaza. Ilituchukua saa mbili na nusu. Shati langu halikunyooka tena maishani. Jioni ile tulilala ng’ambo ya mto, asubuhi makasha yalifunguliwa yakiwa bado na barafu, na watoto mia sita walilia kwa zamu, kilio ambacho sijawahi kusikia kizuri kama hicho.

Tuliporudi, mkurugenzi alitaka maelezo ya kuchelewa. Nilishaandaa barua ya kuacha kazi. Fundi alikuwa ameshajaza daftari la safari kwa mkono wake: “Bolti ilikatika. Imebadilishwa. Tumefika.” Basi. Hakuna karani, hakuna waraka, hakuna kilo arobaini. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo kwa sababu ya mafanikio ya safari ile, na hakuna aliyejua kwamba nilikaribia kuiua. Waraka niliufuta kimya kimya. Bolti ya kitambaa chekundu ilikuwa imerudi sandukuni siku ile ile tuliyorudi, na ile iliyotoka mkononi mwa sanduku ilipata mrithi. Nilisoma kikaratasi cha mrithi huyo nikiogopa kukuta jina langu. Kimeandikwa “Siku ya mizani.”

Tangu hapo Fundi Akiba amefundisha mafundi kumi na wawili, ameshika usukani mara nyingi kuliko madereva wengine, na hajawahi kurudi kwa miguu. Hajawahi pia kulitaja jambo lile, hata kwa utani, naye ni mtu ambaye hutania hata gari linapokataa kuwaka. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika. Alisema niandike nitakavyo, ila nisisahau kwamba bolti zile zilikuwa mbili na moja bado ipo.

Mwezi uliopita tulimwuliza angependa zawadi gani ya kumuaga. Wengine walipendekeza kochi, wengine redio. Fundi Akiba akasema anataka mizani ya stoo, ile kuukuu. Watu walicheka, Dada Mkubwa akauliza anataka kupima nini, naye akajibu kwamba ana wajukuu wanaokua haraka. Mkewe alilalamika kwamba nyumba haina nafasi. Mimi nilikwenda kuipangusa vumbi mwenyewe.

Mizani itaondoka naye Ijumaa. Sanduku linabaki kwetu na kilo zake zote.

Ahsante, Fundi, kwa magari yote yaliyofika na kwa mtu mmoja uliyemwokoa pamoja nayo. Wewe na mama watoto mkawe na afya, mapumziko marefu na wajukuu wazito. Na siku ukikwama njiani, piga simu hapa. Tutakuja na sanduku lote, na yule karani wa safari ndiye atakayelibeba.