Kwema, Bwana Muhidin?

Tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Muhidin Abdurahim, fundi wa mabomba wa mtaa wetu wa Shauri Moyo, anastaafu baada ya kulitumikia jiji kwa miaka ishirini na mitatu. Hakuna bomba la mtaa huu ambalo hajaligombeza. Likikaidi, alilinunia mpaka likajirekebisha, au ndivyo alivyotaka tuamini.

Lakini mabomba siyo yaliyompa jina. Mwaka 1951 mkewe, Salme, alifariki, na hawakuwa wamejaliwa watoto. Muhidin akawa anatoka kazini, anakula, analala. Mwili ukamzidi. Daktari akamwambia akimbie kila siku, la sivyo moyo utamshinda. Akanunua raba, zikakaa uvunguni miezi. Kuamka alfajiri kwa ajili yake mwenyewe aliona ni kazi isiyo na mwenyewe.

Siku alipojilazimisha, mtaa ulitaharuki. Kwetu mtu mzima hakimbii alfajiri ila kupeleka habari ya msiba. Wanawake walijifunga leso, wanaume wakamfuata mpaka mlangoni kwake wakiuliza, "Kwema, Bwana Muhidin?" Akajibu huku akihema, "Kwema. Nafanya mazoezi tu." Walicheka, na kwa kuwa walishafika, wakaingia kunywa chai. Nyumba ile haikuwa imejaa watu tangu matanga ya Salme.

Kesho yake akakimbia tena. Alitwambia bila haya kwamba hakufuata afya, alifuata lile swali. Nao watu hawakumnyima. Kila mlango aliopita, "Kwema?" naye, "Kwema."

Ikaja Aprili 1954, na msako wa serikali ya kikoloni. Wanaume wengi wa mtaa walikamatwa wakapelekwa kambi za kizuizini, na familia nyingi zikarudishwa mashambani. Asubuhi, kafyu ya usiku ilipoisha, Muhidin alikimbia akipita milango iliyofungwa. Aliyebaki kumuuliza alikuwa Bi Habibo, muuza mahamri wa pale kona. Kwa sauti hiyo moja aliendelea kukimbia, mvua na jua.

Sasa nyumba ya kazi anairudisha na kuhamia Voi kwa dadake, Lela. Raba amezifunga mzigoni, chini kabisa. Juzi alimwambia Bi Habibo, "Huko hakuna anijuaye. Nitaamkia nini?" Sote tuliokuwa pale tulikumbuka daktari alisema nini.

Jana Lela alipokuja kusaidia kufunga mizigo, Bi Habibo alizitoa raba, akaziweka juu, kisha akamvuta kando. "Mwanangu, huyu kila alfajiri mtoe nje. Akirudi, usimpe chai kabla hujamuuliza kama ni kwema."

Ahsante, Bwana Muhidin, kwa maji yaliyotufikia nyumbani. Alfajiri zetu zitakuwa kimya, na pengo lako tutaliona. Mungu akupe uzee wenye afya na wenye watu. Lela ameahidi kuuliza. Wewe amka, ukimbie, urudi umjibu.