Maua Hayapandi Basi

Benchi la kijiji chetu cha Sha-lun, hapa Changhua, ni la chuma, rangi ya bluu, na liko barazani pa hekalu la mungu wa ardhi, kwenye kivuli na birika la chai. Lilifikaje hapo, hatuulizani. Tunakaa watatu: mimi; Balbu, mwenye shamba kubwa la krisanthemamu, maua tunayoyawashia taa usiku ili yasichanue kabla ya wakati; na Waziri, aliyepata cheo hicho siku alipomshikia mkuu wa wilaya mwavuli. Mwezi uliopita chai ilikuwa nzuri lakini Balbu hakuigusa. Mkewe, Bi Khim, huenda mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na basi la vijijini lilikuwa limefutwa.

Lilifutwa kwa adabu sana. Ofisi ya usafiri ilitazama picha ya satelaiti iliyopigwa usiku, ikaona mwanga wa kutisha, ikatamka kwamba Sha-lun ni mji unaokua kwa kasi na basi la vijijini haliuhusu. Kaya zetu hazifiki arobaini. Kinachong'aa ni maua.

— Na nani alisema tuwashe mpaka taa za hekalu siku wanapiga picha? akauliza Waziri.

— Mimi, akasema Balbu. Nilidhani serikali ikituona itatukumbuka.

— Ikikuona vizuri inakutoza kodi, bwana wewe.

Waziri alishikilia kwamba satelaiti inasoma gazeti ulilofungia samaki. Baada ya kikombe cha pili ikawa inaona tambuu shavuni mwako, na cha tatu inajua unamtafunia nani hasira. Mimi nikasema haioni hata nyumba, ndiyo shida yenyewe.

Aliyetuamua ni Su-ting, binti mhandisi wa chuo kikuu ambaye kazi yake ni kusafisha picha za usiku. Alikuja na pikipiki, akapewa kikombe, akaeleza. Usiku kamera inaokota mwanga kidogo mno, kwa hiyo picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani. Lakini chenga zinahama kila satelaiti inapopita. Taa ya nyumba haihami. Ukipanga picha za siku nyingi moja juu ya nyingine, chenga zinafifia, nyumba zinabaki. Kilichomshinda ni kutenga maua na watu. Akaomba taa za mashamba zizimwe satelaiti ikipita, za nyumbani ziachwe.

Waziri akakataa papo hapo. Maua yakionja giza yataanza kuchanua, na nani atayanunua kabla ya sikukuu? Su-ting akasema ni dakika chache tu.

— Zangu nazima, akasema Balbu. Yakichanua, yachanue. Khim hawezi kwenda hospitali juu ya ua.

Hapo hata Waziri akainuka kwenda kuzima zake. Tukazima wote.

Picha ikaletwa barazani kwenye kishikwambi. Ile ya zamani ilikuwa uji uliomwagika. Hii mpya ilikuwa mashamba meusi tii, na nyumba zetu zimekaa moja moja, unaweza kuzitaja kwa wenyewe.

— Hii ya kwangu, Waziri akasema, sauti imemlegea kidogo.

— Na hiyo ya bafuni huzimagi, akasema Balbu, akanywa chai yake yote.

Su-ting akaituma ofisi ya usafiri, nayo ikajibu haraka. Haikukosea, hapana. Ilisikitika kuona kwamba mji wa Sha-lun umeporomoka kwa kasi isiyo ya kawaida katika msimu mmoja, hivyo unastahili basi mara moja. Tuliinua vikombe kwa kuporomoka kwetu. Maua hayakuchanua hata moja.

Alhamisi basi likaja kweli, dereva mgeni, akasimama katikati ya barabara akatoa kichwa dirishani.

— Shikamooni wazee. Kituo kiko wapi?

Bango ofisi ilishaling'oa. Waziri akaanza kumweleza habari za satelaiti na chenga. Mimi nikaonyesha upande huu, Balbu upande ule. Kijiji kilichoonekana kutoka mbinguni kikakosa wa kuonyesha kituo.

Bi Khim akatoka na mkoba wake wa hospitali, akasimama mbele yetu.

— Inukeni, akasema. Mmekikalia.

Tukainuka. Balbu akashika upande mmoja wa benchi, mimi na Waziri upande wa pili, tukalirudisha barabarani mahali pake. Bi Khim akalifuta vumbi kwa kiganja, akakaa, akapanga mkoba magotini, basi likimngoja. Alipotosheka ndipo akapanda.