Taya la Mzee Pyo

Mbele ya duka la nyavu, hapa bandarini Jumunjin, kuna benchi la mbao na mashine ya kahawa ya vikombe vya karatasi. Tangu niache shule nikiwa kidato cha pili, naanika ngisi hatua tatu kutoka hapo, kwa hiyo nasikia kila kitu. Wiki hii kulikuwa na hoja moja tu: Mzee Pyo, mpiga mnada wetu wa samaki. Kiungo cha taya lake, pale karibu na sikio, kimevimba, na mdomo haufunguki hata kijiko kupita. Ushirika wa wavuvi umempa miezi miwili. Asipopona, kengele ya mnada inakwenda kwa mtu mwingine. Jana alikaa katikati ya wenzake akinyonya uji wa mchele kwa mrija, nao wakitafuna ngisi mkavu na kumtibu.

“Ni upande anaolalia,” alisema Profesa, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa injini za boti. “Ukilalia kushoto miaka hamsini, taya linahama. Nimefanya utafiti.”

“Umeufanyia wapi?” aliuliza Mama Kisu, mpasuaji wa ngisi.

“Kitandani kwangu.”

“Basi mkeo ndiye apewe shahada.”

Waya, fundi redio, alitikisa kichwa.

“Mnakosea nyote. Ni mnara wa simu. Mzee ana meno mawili ya dhahabu. Yananasa mawimbi, taya linatetemeka mwenyewe hajui.”

“Kwa hiyo akipiga miayo tunapata taarifa ya habari?”

“Cheka tu, dada. Mimi nimepima.”

“Kwa kifaa gani?”

“Kwa sikio. Nililiweka shavuni kwake.”

“Nga… nga…” alijaribu Mzee Pyo.

“Tulia, mzee, usituvuruge,” Profesa alimwambia. “Tunakushughulikia.”

“Mimi nawaambia ni matusi,” alisema Mama Kisu. “Miaka thelathini anawanyenyekea wenye boti. Kila tusi alilolimeza limekwama pale kwenye kona ya taya. Apewe siku moja atukane kuanzia asubuhi, jioni atakuwa mzima.”

“Atatukanaje mdomo umefungwa?” aliuliza Waya.

“Aandike!”

Hapo akafika dada mmoja mwenye koti la mvua, Namgung, mtafiti wa hospitali ya meno ya mjini. Akamwinamia Mzee Pyo, akamsalimu kwa mikono miwili.

“Kinga yako ya kuvaa menoni iko tayari, baba. Chanzo chenyewe bado tunakitafuta, ndiyo maana tunapima watu wawili wawili. Mgonjwa anakula vyakula laini na kulipumzisha taya wiki sita. Jirani wa rika lake, mwenye taya zima, anafanya vivyo hivyo. Asiye na mwenzake hatuwezi kumpa nafasi kwenye utafiti, wala kinga.”

“Jambo dogo hilo!” Profesa alisema. “Sisi wote ni rika lake, na sayansi tunaipenda.”

“Nashukuru sana. Basi ni nani kati yenu atakaa wiki sita bila ngisi mkavu?”

Profesa akaanza kusoma maandishi ya kikombe chake. Mama Kisu akainama kutafuta kitu chini ya benchi. Mzee Pyo akawatazama mmoja mmoja, vile anavyowatazama wanunuzi alfajiri, akisubiri kidole kiinuke.

Waya akahamisha mguu wa ngisi kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto.